Kutapika uwanjani sio kipimo cha mazoezi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na naomba msinikate sana maana hili jambo limenikaa kooni muda mrefu. Kila msimu ukikaribia kurasa zenu za michezo zinajaa habari za timu kujifua, na karibu zote zinafanana, kocha kawapeleka vijana kwenye ngazi za jukwaani, wamebebana mgongoni wanapanda na kushuka, wawili wametapika, mmoja kalala chini anapepewa, halafu mwandishi anamalizia kwa kusema kikosi kiko moto na wapinzani wakae chonjo. Ligi ikishachanganya mnaandika tena, safari hii ni habari za majeruhi, huyu nyama za paja, yule enka, mwingine goti, na hapo inaitwa bahati mbaya. Sijawahi kuona mtu anaziunganisha hizo habari mbili.

Mimi nafundisha mazoezi ya viungo, timu za ridhaa na watu wa jogingi, na ninachotaka kusema ni kwamba kumchosha mtu hakuhitaji ujuzi wowote. Mchukue yeyote aliyetoka mapumziko, mpigishe kichura mpaka magoti yagome, atachoka, na wewe utaonekana kocha mkali. Kazi yenyewe ni kumfanya huyo mtu wiki ijayo awe bora kuliko wiki hii, na mechi ya mwisho ya msimu awe bado anacheza. Vitu vinavyofanya hivyo, vile vilivyopimwa vikaonekana vinafanya kazi, ni vichache na rahisi, havihitaji jimu, na kusema kweli vinaboa. Nadhani ndio maana haviandikwi.

Kabla sijafika huko niseme kuhusu hizo za kufa mtu, kwa sababu sio swala la ladha tu. Misuli ikipewa kazi kubwa ghafla ambayo haijaizoea, hasa kazi ya kuruka na kushuka kwa kurudia rudia, inaweza kuharibika kiasi kwamba vitu vilivyo ndani yake vinamwagika kwenye damu na figo zinashindwa kuvichuja. Madaktari wanaita rabdomiolisisi. Imeshatokea kwa wanajeshi wapya, imeshatokea kwa timu za vyuo kule Marekani, wachezaji kadhaa wa timu moja wanalazwa kwa pamoja baada ya zoezi moja la adhabu mara tu wametoka likizo. Mchezaji anavimba mapaja au mikono, anashindwa kuinyoosha, na mkojo unatoka kahawia iliyokolea. Akikuambia hivyo kocha usimwambie anywe maji apumzike, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na zoezi kama adhabu mimi nalipinga kabisa, mtu kachelewa dakika 5 unamwadhibu kwa kitu kile kile unachotaka akipende, halafu mwezi ujao unashangaa vijana wanakwepa mazoezi.

Sasa twende kwenye mwili unavyojengeka. Wakati wa zoezi mwili haujengeki, unachokozwa tu, ukija kula na kulala ndo unajijenga kidogo zaidi ya ulivyokuwa. Hilo wengi wanalijua. Wanalosahau ni kwamba sehemu za mwili haziendi kwa mwendo mmoja. Moyo na pumzi vinaitikia haraka, ndani ya wiki chache tu mtu anajisikia mwingine kabisa, misuli inafuata, lakini kano na mifupa inataka miezi. Mfupa ukipewa kazi mpya unaanza kwanza kubomoa sehemu ndogo ndogo ili ujenge upya, na kwenye kile kipindi cha kubomoa unakuwa dhaifu kidogo. Kwa hiyo kuna wiki ambazo mtu anajiona yuko fiti kuliko miguu yake ilivyo, ni gari lililowekwa injini mpya likaachwa na matairi yaliyokwisha, na hapo ndo anaongeza kilomita, anaongeza na vilima, anajiunga na kundi la wenye spidi, mara ugoko unaanza kuuma. Anapaka dawa ya kuchua anaendelea. Ugoko ukiuma sehemu moja tu unayoweza kuigusa kwa ncha ya kidole, na ukauma hata ukiruka kwa mguu mmoja, hiyo sio ya kuchua, inawezekana mfupa umeanza kupata ufa na unatakiwa upumzishwe mpaka mtaalamu auone.

Kuna kanuni mnayoipenda sana kuichapisha, kwamba usiongeze zaidi ya asilimia 10 kwa wiki. Sio mbaya ila haina uchawi. Waholanzi waliipima, matokeo yakatoka mwaka 2008, wakachukua watu wanaoanza kukimbia, kundi moja likapewa programu ndefu ya kupanda polepole kwa asilimia 10, lingine programu ya kawaida ya wiki 8, na walioumia walikuwa karibu sawa, kama mtu 1 kati ya 5 kila upande. Mimi wanafunzi wangu nawaambia angalia mwezi uliopita umekuwa ukifanya nini, huo ndo mwili wako wa sasa, ulichokuwa unafanya mwaka juzi hakihesabiki. Na usibadilishe vitu viwili wiki moja. Kama umenunua viatu vipya basi wiki hiyo njia ibaki ile ile na mwendo ule ule, kama umeongeza vilima basi kilomita punguza.

Halafu nguvu. Hapa ndo nitakaa maana hapa ndo watu wanakosa vingi. Bado kuna makocha wanaamini mchezaji wa mpira akinyanyua vyuma anakuwa mzito, na mkimbiaji ndo kabisa, vyuma ni mwiko. Watafiti wa Denmark mwaka 2014 walikusanya tafiti 25 zenye washiriki zaidi ya 26,000 wakaangalia ni mazoezi gani yanapunguza kuumia, wakakuta mazoezi ya nguvu ndo yako juu kabisa, majeraha yalishuka mpaka chini ya theluthi moja, ya kusimama na kubalansi yalisaidia pia, na kunyoosha misuli, kile tunachokifanya kwa heshima zote katikati ya uwanja tumekaa duara tunahesabu moja mpaka kumi, hakukuonesha faida ya kukinga. Tafiti za nguvu zilikuwa chache kuliko za vitu vingine kwa hiyo sio neno la mwisho, ila mwelekeo uko wazi. Na mkimbiaji wa mbio ndefu akinyanyua kitu kizito mara 2 kwa wiki, marudio machache, hawi pandikizi la mtu, anachopata ni kwamba mwendo ule ule unamgharimu pumzi pungufu kuliko zamani.

Chukua nyama za paja, jeraha linaloongoza kwa wachezaji wa mpira. Mtu anapokimbia kwa kasi yake yote mguu unarushwa mbele, na kabla haujagusa chini zile nyama za nyuma ya paja ndo zinafunga breki, zikiwa zimevutwa karibu mwisho wa urefu wake. Mara nyingi hapo ndo zinapochanika. Kwa hiyo unachohitaji ni msuli wenye nguvu ukiwa umerefuka, na kuna zoezi la hivyo ambalo halina kifaa chochote, linaitwa Nordiki. Unapiga magoti kwenye kitu laini, hata fulana zilizokunjwa, mwenzako anakushika vifundo vya miguu kwa nyuma akiwa amevielemea kwa uzito wake wote. Mwili unaunyoosha kuanzia goti mpaka kichwa, kiuno hakivunjiki, matako hayabaki nyuma, halafu unaanguka mbele taratibuuu, unajizuia kwa nyama za paja tu. Kuna mahali utafika utashindwa, wengi mwanzoni wanashindwa mapema sana, hapo unapokea kwa mikono kifua kikaribie chini, unajisukuma kurudi, unaanza tena. Basi. Kosa la kawaida ni kuvunja kiuno, mtu anashuka kichwa kimetangulia na makalio yako juu, anahesabu amemaliza kumbe paja halijafanya kitu. Kosa la pili ni mshikaji anayecheka cheka, akilegeza mkono mwenzie anakwenda na uso.

Denmark mwaka 2011 waliwapa hili zoezi wachezaji wa kulipwa na wa ridhaa, wote kwa pamoja walikuwa zaidi ya 900, nusu timu zikafanya nusu zikaendelea na mambo yao. Wiki ya kwanza ni siku moja tu, seti 2 za mara 5, wiki ya pili siku mbili, wanapanda hivyo mpaka seti 3 za mara 12, 10 na 8, baada ya wiki 10 linabaki mara moja kwa wiki. Waliofanya walipata majeraha ya nyama za paja 15, wasiofanya 52. Kwa wale ambao walishawahi kuumia hapo zamani tofauti ilikuwa kubwa zaidi. Nikisikia klabu inatafuta hela za mashine ya kutoka nje ili kupunguza majeruhi wakati hawajawahi kupigisha watu magoti, nakosa cha kusema.

Na msidhani ni swala la umaskini wa timu. Mwaka 2015 utafiti uliuliza klabu zilizocheza Ligi ya Mabingwa Ulaya na za ligi kuu ya Norway kama wanafanya hili zoezi kama lilivyopangwa, wengi sana walikuwa hawafanyi. Wana madaktari, wana wataalamu wa fiziotherapia wa kutosha, wana kila kitu. Kinachowashinda wao ndo kile kile kinachotushinda huku chini, zoezi linauma wiki za kwanza, wachezaji wanalalamika, kocha mkuu anaona linamharibia mechi, linaachwa. Maumivu ya misuli baada ya zoezi geni yanafika kilele siku ya pili au ya tatu, kwa hiyo ukilianzisha Alhamisi wakati mechi ni Jumamosi umejitakia mwenyewe. Na ukianza na seti 3 za mara 12 siku ya kwanza kwa sababu umeona namba mwishoni mwa programu, hao vijana hawatakaa waliguse tena.

Ila nguvu peke yake haitoshi kwa paja, nyama za paja zinataka pia kuzoea kasi yenyewe. Timu nyingi mazoezini zinakimbia raundi nyingi za mwendo wa kati, mchezaji anaweza kumaliza wiki nzima hajafika kasi yake ya juu hata mara moja, halafu Jumamosi dakika ya 80 anapigiwa pasi ndefu. Wape mikimbio michache ya mita 30 au 40 kwa kasi yote, wakiwa wamepasha na hawajachoka, wapumzike vizuri katikati, wapumzike kweli sio kukimbizwa kurudi. Hiyo ni kinga na ndo hiyo hiyo spidi mnayoitafuta. Kocha anayetaka wachezaji wenye kasi halafu anawapa kasi mwishoni wakiwa hoi anawafundisha kukimbia polepole kwa juhudi nyingi.

Nyonga nayo, pale kinenani, ina zoezi lake la jamaa hiyo hiyo, unalala ubavu, mwenzako anashika mguu wa juu, unanyanyua kiuno na mguu wa chini ukaukutane na wa juu. Norway waliwapa wachezaji mwaka 2019, matatizo ya nyonga yakapungua kwa asilimia 41. Nalo linauma mwanzoni, nalo linataka mshikaji makini.

Kama kocha anaona hizi ni habari nyingi za kukumbuka basi FIFA walishamfanyia kazi, ile programu ya 11+ ipo tangu 2006, ni ya kupasha tu, dakika 20, inaanza na kukimbia taratibu kwa wawili wawili, inaingia kwenye nguvu, kuruka na kubalansi, na hiyo Nordiki imo humo ndani, inamalizia na kukimbia kwa kasi. Inataka uwanja na koni, kwisha. Norway waliijaribu kwa wasichana zaidi ya 1,800 wa miaka 13 mpaka 17, matokeo yakatoka 2008, majeraha kwa ujumla yalipungua kama theluthi na yale makubwa karibu nusu. Wasichana wanahusika hapa kwa namna ya pekee kwa sababu ile ligamenti ya mbele ya goti, utepe unaoshikanisha mifupa, inakatika kwao mara nyingi kuliko kwa wavulana wanaocheza mchezo ule ule, na mara nyingi inakatika hakuna aliyemgusa, kaenda kutua au kageuka tu.

Sasa hiyo 11+ nimeona ikifanywa kama sala ya kukariri, wanaruka huku wanapiga stori na kocha yuko kwenye simu. Hivyo haisaidii. Kazi ya kocha kwenye zile dakika 20 ni kusimama mbele yao na kuangalia magoti. Mchezaji akiruka akatua, goti linaangalia wapi? Likiangalia mbele sawa sawa na vidole vya mguu vizuri, likiingia ndani likalitafuta goti la pili hapo ndo pa kusema. Mwambie atue laini asisikike, akunje magoti na kiuno, makalio yarudi nyuma kidogo. Wengine ukiwaambia mara moja wanabadilika palepale, wengine inachukua msimu. Na ukiona dakika 20 zinakula muda wa mpira, ile sehemu ya nguvu unaweza kuihamishia mwishoni mwa mazoezi, bora ifanyike.

Kunyoosha misuli nimeshagusa, nimalizie tu ili nisitukanwe. Sijasema ni vibaya. Australia waliwahi kuchukua wanajeshi wapya zaidi ya 1,500, nusu wakawa wananyoosha kabla ya mazoezi, matokeo yakachapishwa mwaka 2000, kuumia hakukupungua. Ukishikilia msuli kwa zaidi ya dakika nzima halafu ukaenda kuruka au kukimbia mbio fupi unapoteza nguvu kidogo kwa muda. Kama unapenda nyoosha baada ya mazoezi au nyumbani, na kuna michezo kama sarakasi inayotaka viungo laini. Kabla ya mechi pasha kwa kutembea, kukimbia, kurusha miguu, kuongeza kasi hatua kwa hatua.

Watu wa jogingi nao nina neno lao. Tatizo lao kubwa sio uvivu, ni kukimbia kila siku mwendo mmoja wa katikati, sio mwepesi wa kumjenga wala sio mkali wa kumuongezea kasi, unachosha tu. Mtafiti Stephen Seiler aliangalia wanamichezo wakubwa wa mbio, wa makasia, wa baiskeli na wa kuteleza kwenye theluji, akakuta karibu asilimia 80 ya mazoezi yao ni mepesi kabisa, makali ni hiyo sehemu ndogo inayobaki. Eliud Kipchoge, aliyemaliza marathoni kwa 1:59:40 kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 (najua haihesabiki kama rekodi rasmi, msiniandikie), siku zake nyepesi anakimbia polepole mno ukilinganisha na mwendo wa mashindano. Yeye anaweza, wewe unaona aibu kupitwa. Kipimo ni mdomo wako, siku ya wepesi unatakiwa uweze kuongea sentensi nzima bila kukata, ukiona unaongea neno neno punguza hata ikibidi utembee. Halafu siku 1 au 2 kwa wiki ndo uende kweli.

Na mkimbiaji mwenye nafasi ya zoezi moja tu la nguvu basi afanye vigimbi. Simama kwenye ngazi kwa mguu mmoja, shika ukuta kidogo, panda mpaka juu kabisa kwenye vidole, shuka taratibu mpaka kisigino kiende chini ya ngazi. Fanya goti likiwa limenyooka na fanya tena goti likiwa limekunjwa kidogo, kwa sababu kuna msuli wa ndani chini ya kigimbi unaofanya kazi zaidi goti likikunjwa na ndo unaobeba mzigo wa mara kadhaa ya uzito wako kila hatua. Kama hufiki mara 20 kwa mguu mmoja huku unataka kukimbia kilomita 21, kano ya kisigino itakuja kukudai. Ukishaweza kirahisi beba begi lenye uzito.

Usingizi niseme kwa kifupi, sio kwa sababu ni mdogo, ni kwa sababu hauna ufundi. Utafiti wa Marekani wa 2014 kwa wanamichezo vijana ulikuta waliokuwa wanalala chini ya masaa 8 waliumia mara 1.7 zaidi ya waliolala ya kutosha, ni kweli huwezi kusema usingizi peke yake ndo sababu, ila kocha anayewaita wanafunzi saa 10 alfajiri ili aonekane ana nidhamu, wakati walikuwa wanasoma mpaka saa 5 usiku, anajichimbia shimo.

Kuna na hii ya kurudi uwanjani, ambayo nyie waandishi mnaipamba sana, shujaa kafungwa bandeji kaingia. Kinachotabiri jeraha kuliko karibu kitu chochote ni kama mtu alishawahi kuumia pale pale. Enka iliyoteguka ikiacha kuuma haina maana imepona, uwezo wake wa kujisawazisha bado haujarudi, msimamishe huyo mtu kwa mguu mmoja amefumba macho uone anavyoyumba ukilinganisha na mguu mzima. Wiki kadhaa za kusimama mguu mmoja, kurusha mpira ukiwa umesimama hivyo, kuruka mbele na pembeni, zinapunguza kuteguka tena, na ni zoezi la kufanya hata unapiga mswaki. Barafu nayo imepewa sifa kuliko kazi yake, inatuliza maumivu basi, hata Gabe Mirkin, yule daktari aliyeileta ile kanuni ya kupumzisha na barafu mwaka 1978, baadaye mwenyewe alisema inaweza kuchelewesha kupona. Siku hizi mtu anaanza kuutumikisha mguu mapema, kidogo kidogo, kwa kiwango ambacho maumivu yakiwa kama 3 kati ya 10 na kesho yake asubuhi hayajaongezeka basi anaendelea. Yakiongezeka anarudi hatua moja. Goti likivimba ndani ya masaa machache, au mtu akishindwa kukanyaga hatua 4, au maumivu yakimwamsha usiku, hapo tumetoka kwenye mambo ya kocha.

Ombi langu kwenu wahariri sio kubwa. Mwandishi akienda kwenye mazoezi aulize lile zoezi ni la nini, linamjengea mchezaji kitu gani, na jana yake walifanya nini. Mchezaji akichanika paja aulize wiki 4 zilizopita alikuwa amecheza dakika ngapi, alitoka jeraha gani, timu inafanya mazoezi gani ya kukinga na mara ngapi. Makocha mwanzoni watakasirika. Wengine watajibu kwamba hawana muda, na hilo jibu ningependa mlichapishe kama lilivyo pamoja na hesabu yake, kwa sababu Nordiki katikati ya msimu ni mara moja kwa wiki, seti 3, watu wakiwa wawili wawili haifiki dakika 15, na siku yake nzuri ni mwishoni mwa yale mazoezi yaliyo mbali kabisa na mechi ijayo.

Msomaji wenu,
Mwalimu wa mazoezi ya viungo